Usiiuze kodiani ya mjomba

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa miaka 27, naishi Tanga. Mjomba wangu alipiga kodiani kwenye taarab kwa miaka mingi. Alipofariki mwaka jana, familia ikanikabidhi kodiani yake, ile kubwa yenye vibao kama vya piano. Nikiwa natafuta wapigaji wa kujifunza kwao, nikakutana na rekodi za Mmarekani mweusi, Clifton Chenier, anayeitwa mfalme wa zydeco, muziki wa dansi wa jimbo la Louisiana kule Marekani. Tangu siku hiyo sisikilizi kitu kingine. Lakini nimechanganyikiwa. Rafiki yangu aliyesomea muziki anasema zydeco ni muziki wa wazungu wa Louisiana, Chenier aliuiga tu na kuutia bluzi, ule muziki wa majonzi wa Wamarekani weusi. Mwingine ananiambia kodiani halisi ya zydeco ni ile ndogo ya vitufe, kwa hiyo niuze ya mjomba ninunue hiyo. Nisaidie: Chenier alianzisha nini hasa? Na je, niuze? Halafu kuna hili: kodiani yenyewe siku hizi inavuja upepo, na vibao viwili vinalia hata nisipovigusa."

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kuondokewa na mjomba. Maswali yako ni matatu, ila nayasikia yakitoka kwenye wasiwasi mmoja: unaogopa kwamba ulichokipenda si halisi, na chombo ulichoachiwa sicho chenyewe. Nikutulize kwanza. Usiuze. Kodiani ya vibao vya piano ndiyo aina ile ile aliyoivaa Clifton Chenier kifuani alipoitikisa Louisiana. Na kisa cha yeye kuichagua hiyo, badala ya ile ndogo ya vitufe, ndicho kinachojibu swali lako la kwanza.

Rafiki yako amegusa ukweli kidogo, kisha akaugeuza juu chini. Kusini-magharibi mwa Louisiana, katika miji kama Opelousas, Lafayette na Lake Charles, kulikuwa na watu wa aina mbili waliozungumza Kifaransa. Wa kwanza ni Wakajuni, wazungu ambao wazee wao walifukuzwa na Waingereza kuanzia mwaka 1755 kutoka pwani ya mashariki ya nchi tunayoiita Kanada leo. Wa pili ni Wakrioli weusi, wajukuu wa watumwa na wa watu weusi waliokuwa huru, wakiwemo waliokimbia vita vya Haiti. Wote walikuwa Wakatoliki, walilima mashamba yale yale ya pamba, miwa na mpunga, na walipika vyungu vinavyofanana. Ngoma zao zilichezwa nyumba mbalimbali, lakini muziki hauzuiwi na ukuta. Kodiani zilipoingia kutoka Ujerumani katika karne ya 19, pande zote mbili zilizichukua.

Sasa sikiliza jambo ambalo rafiki yako huenda hakufundishwa. Kati ya watu wa mwanzo kabisa kurekodi kodiani katika eneo hilo ni Amédé Ardoin, Mkrioli mweusi, mtu mdogo wa umbo mwenye sauti kali ya kilio. Alirekodi mwaka 1929 akiwa na mpiga fidla mzungu, Dennis McGee, na hadi mwaka 1934 alikuwa ameacha nyimbo 34. Nyimbo hizo ni msingi wa muziki wa Wakajuni hadi leo. Wapigaji wao wazungu bado wanajifunza kwake. Basi nani alimwiga nani?

Mwisho wa Ardoin ni wa kuhuzunisha, nami siwezi kumtaja nikaupita. Wazee wa kule wanasimulia kwamba usiku mmoja, akipiga kwenye dansi ya wazungu, msichana wa nyumba alimpa leso yake ajifute jasho, na wanaume wawili wakamvizia njiani wakampiga vibaya mno. Hakupona sawasawa. Alifariki mwaka 1942 katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya jimbo, mjini Pineville, akazikwa kaburi lisilo na alama. Ilipofika 2018 ndipo alipowekewa sanamu karibu na Opelousas. Ukisikia mtu anasema watu weusi waliokota tu muziki huo kwa jirani, mkumbuke huyu.

Kabla ya kodiani kulikuwa na juré, uimbaji wa makofi na miguu bila ala yoyote, uliotumika sana wakati wa Kwaresima ambapo ala zilikatazwa. Mwaka 1934 mtafiti Alan Lomax alirekodi juré zenye maneno ya Kifaransa ambayo tafsiri yake ni "maharage hayana chumvi". Chumvi hapo ni nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa chumvi, iliyotiwa chunguni kuleta ladha. Mwaka wa dhiki hakuna nyama, maharage yanaliwa hivyo hivyo. Mimi na wewe watu wa pwani tungesema maharage yasiyo na nazi, na kila mtu angejua nyumba hiyo ina hali gani. Kwa Kifaransa maharage ni *les haricots*, na Wakrioli walivyotamka ilisikika kama "le zariko". Ukilitamka upesi unapata zydeco. Hayo ndiyo maelezo yanayokubaliwa na wengi, ingawa wapo wanaotafuta mzizi wa neno hilo katika lugha za Afrika Magharibi. Kwa vyovyote vile, neno na ngoma yake vilikuwepo kabla ya Chenier.

Basi yeye alianzisha nini?

Clifton Chenier alizaliwa tarehe 25 Juni 1925 karibu na Opelousas, katika familia ya wakulima. Baba yake, Joe, alipiga kodiani kwenye dansi za majumbani zilizoitwa la-la. Samani zilitolewa nje, watu wakajaa chumbani, kodiani moja ikatosha. Kijana Clifton alikata miwa, kisha akavuka kwenda Texas, mji wa Port Arthur, kufanya kazi kwenye viwanda vya kusafishia mafuta. Huko mjini watu weusi walikuwa na fedha kidogo mfukoni na masikio yaliyozoea redio: bluzi, bugi (bluzi ya kasi ya kuchezea dansi), saksofoni. Hawakutaka tena dansi ya shambani peke yake. Hapo ndipo lilipo fundo lenyewe, na ili ulielewe inabidi tuifungue kodiani.

Ndani ya kodiani kuna ndimi nyembamba za chuma. Upepo wa mivukuto, ile sehemu ya katikati unayoivuta na kuisukuma, ukipita kwenye ulimi, ulimi unatetemeka na kutoa sauti. Ulimi mfupi sauti ya juu, ulimi mrefu sauti ya chini. Katika kodiani ndogo ya Louisiana kuna vitufe kumi tu upande wa kulia, na kila kitufe kina sauti mbili: ukisukuma inatoka moja, ukivuta inatoka nyingine. Sauti zote hizo ni za ngazi moja tu. Kama umewahi kuimba kwaya utanielewa: una do, re, mi, fa, so, la, ti, basi. Huna nusu toni za katikati.

Bluzi inaishi kwenye nusu toni hizo. Ladha yake iko kwenye mi iliyoshushwa na ti iliyoshushwa, zile sauti zinazouchoma moyo. Mpiga vitufe hodari anaweza kuhamia ngazi ya jirani ndani ya kodiani ile ile akaipata mojawapo, lakini anazunguka mbali. Na mpiga saksofoni akimwambia "leo tunapiga katika ngazi nyingine", inabidi abadilishe kodiani nzima.

Kodiani ya piano ina sauti zote kumi na mbili, na kila kibao kinatoa sauti ile ile ukisukuma au ukivuta. Ni nzito zaidi, na inakosa ule mkato wa sukuma-vuta unaowafanya watu wanyanyue miguu wenyewe. Lakini inakaa popote: mbele ya gitaa la umeme, besi, dramu na saksofoni. Chenier aliichukua hiyo, akapiga bluzi na bugi juu yake kana kwamba ni ogani, huku akiimba Kifaransa cha nyumbani. Kwa wazee wa la-la hicho kilikuwa chombo cha ugenini. Yeye alikilazimisha kiseme lugha ya mama yake.

Na pigo alilitunza. Unaposikia kwenye rekodi zake ile sauti ya mkwaruzo inayokimbia bila kupumzika, huyo ni kaka yake, Cleveland. Zamani watu walikwaruza ubao wa bati wa kufulia nguo, wakiushika mkononi au kuuning'iniza shingoni kwa kamba. Inasimuliwa kwamba mwaka 1946, kule Port Arthur, Clifton alimchorea rafiki yake fundi chuma, Willie Landry, picha mchangani: bati lenye mawimbi linaloning'inia mabegani kama kizibao. Landry akalitengeneza. Wanaliita *frottoir*. Cleveland alilivaa na kulikwaruza kwa opena za soda, kadhaa kila mkono, na mikono yote miwili ikawa huru. Wasikilizaji wa Kenya ya kati wanaojua mwomboko, ngoma ya kodiani ya Wakikuyu, watatabasamu hapa, maana nao kwao kodiani husindikizwa na karing'aring'a, ile pete ya chuma inayogongwa. Sisemi kuna undugu wa moja kwa moja. Nasema kodiani inapenda kusindikizwa na chuma, na watu wa pande mbili za bahari walilijua hilo kila mmoja kwa njia yake.

Chenier alirekodi mara ya kwanza mwaka 1954, na mwaka 1955 kampuni ya Specialty ya Los Angeles ikatoa "Ay-Tete-Fee", iliyomtoa Louisiana. Kisha mambo yakapoa. Mwaka 1964 mpiga bluzi Lightnin' Hopkins, ambaye mkewe alikuwa na udugu na Chenier, alimpeleka mwenye kampuni ya santuri ya Arhoolie, Chris Strachwitz, kwenye baa ndogo mjini Houston. Chenier alikuwa pale na kodiani na mpiga dramu tu. Strachwitz akapagawa.

Sasa hapa, mwanangu, ndipo ninapotaka ukae kidogo. Strachwitz alitaka Kifaransa na nyimbo za zamani. Chenier alitaka bluzi za kisasa, zile zinazoweza kuuzika. Mmoja alisema halisi iko kule nyuma, mwingine alisema mimi ndiye halisi na niko hapa leo. Walifikia mapatano: santuri yao kubwa ya kwanza, iliyotoka mwaka 1965, ikawa upande mmoja bluzi na upande mwingine zydeco. Nimeisikiliza mara nyingi, na kwa maoni yangu wote wawili walikuwa na haki. Bila Strachwitz, Chenier angeweza kuiacha lugha ya baba yake kwa kudhani haina soko. Bila ukaidi wa Chenier, tungebaki na kumbukumbu ya makumbusho. Swali lako la "halisi ni ipi" aliulizwa yeye kabla yako, akalijibu kwa kupiga zote mbili usiku mmoja.

Kumbuka pia hali ya lugha hiyo wakati ule. Katiba ya Louisiana ya mwaka 1921 iliamuru shule zifundishe kwa Kiingereza tu, na watoto waliadhibiwa kwa kusema Kifaransa. Waliosoma Kenya wakavishwa kidude shingoni kwa kosa la kusema lugha ya nyumbani wanajua maumivu hayo. Kizazi kizima kilianza kuona haya. Halafu anakuja mtu mwenye meno ya dhahabu na taji kichwani, anaimba Kifaransa hicho hicho juu ya dramu na saksofoni, mbele ya watu mjini Montreux, Uswisi, mwaka 1975, kisha anarudi kupiga kwenye kumbi za kanisa Katoliki za Houston, Lafayette na California, ambako Wakrioli wengi walihamia kutafuta kazi. Kwangu mimi huo ndio urithi wake mkubwa kuliko tuzo yoyote.

Tuzo nazo zilikuja. Mwaka 1984 alipata Grammy kwa albamu *I'm Here*, na mwaka huo huo heshima ya kitaifa ya wasanii wa jadi wa Marekani. Utasoma mahali pengi kwamba ndiye wa kwanza wa zydeco kupata Grammy. Si kweli, Queen Ida, mwanamke mpiga kodiani, alimtangulia kwa mwaka mmoja. Wakati huo Chenier alikuwa mgonjwa. Kisukari kilimkatisha sehemu ya mguu, figo zikashindwa, akawa anasafishwa damu kwa mashine huku akipanga safari zake za muziki kufuata siku za matibabu. Alifariki Lafayette tarehe 12 Desemba 1987, akiwa na miaka 62.

Bendi yake ilikuwa chuo. Stanley Dural, aliyejulikana kama Buckwheat Zydeco, alianza kwake kama mpiga ogani ndipo akashika kodiani. Mwanawe, C.J. Chenier, alikulia Port Arthur akipenda muziki wa fanki, wala zydeco haikuwa yake. Aliingia na saksofoni, baadaye akabeba kodiani, na baba alipofariki akaiongoza bendi. Nawe uliyeachiwa chombo bila kuachiwa mafunzo, mfuatilie huyo.

Turudi kwenye uamuzi wako. Yule wa pili aliyekushauri ununue ya vitufe hajakosea kabisa. Boozoo Chavis, aliyerekodi mwaka 1954 kama Chenier, alikuwa wa vitufe, akaacha muziki miaka mingi, na aliporudi katika miaka ya 1980 vijana walimfuata kwa wingi. Beau Jocque na wengine wakaijenga zydeco ya mkato mzito juu ya vitufe, na leo ukienda dansi ya Louisiana huenda ukakuta vitufe kuliko vibao. Ni nyepesi, ina nguvu, na mguu wa mchezaji haubishani nayo. Lakini wewe hukupendana na Beau Jocque. Ulipendana na Chenier, na mtindo wake hautoki kwenye vitufe kumi. Pili, kodiani hiyo ina taarab ndani yake. Kwenye ya ngazi moja utazikosa nyimbo nyingi za mjomba. Tatu, ukiiuza ikiwa inavuja utapewa bei ya kutupa. Siku ukiwa na kipato na bado unawashwa na vitufe, ongeza ya pili.

Namna ya kuanza: chukua ngazi ya do, piga mkono wa kulia tu, na kila unapofika mi na ti jaribu kuzishusha nusu toni. Usikimbie. Tafuta albamu yake *Bogalusa Boogie*, iliyorekodiwa mwaka 1975, na kwa wiki ya kwanza usimsikilize Clifton, msikilize Cleveland. Gonga goti lako pamoja na bati lake mpaka mwili ushike, kisha ndipo ushike mivukuto. Wapigaji wengi wa taarab wanaojaribu mtindo huu wanapata noti upesi lakini mivukuto yao inateleza kwa upole mno. Zydeco inataka mivukuto ikatwe kama pumzi ya mtu anayekimbia. Mkono wa kushoto uache upumzike kwanza, kwa kuwa kwenye bendi yenye besi hauna kazi kubwa.

Sasa ugonjwa wa chombo chenyewe. Fanya jaribio hili: fungua mikanda ya mivukuto, shika kodiani upande mmoja, iache ining'inie bila kugusa kibao chochote. Ikifunguka polepole sana, ni salama. Ikishuka haraka kwa uzito wake, inavuja. Vibao vinavyolia bila kuguswa kwa kawaida vina kizibo ambacho hakifungi vizuri: springi imechoka, ngozi ya chini yake imelika, au fito imepinda. Hayo yanatengenezeka, wala si dalili ya kifo.

Lakini usiifungue mwenyewe. Usitie mafuta ya cherehani, usipige mswaki ndimi, usipitishe kitambaa chenye maji. Ndimi nyingi zimeshikiliwa kwa nta, na katika kodiani za umri wa ile ya mjomba nta hukauka ikapasuka. Ukigusa vibaya ulimi unaanguka ndani. Hewa yetu ya chumvi ya pwani nayo hupandisha kutu kwenye chuma, na kutu ikikwanguliwa kwa pupa sauti inabadilika moja kwa moja. Hapa lazima uonane na fundi ana kwa ana. Anzia kwa wapigaji wenzake mjomba, maana vikundi vya taarab vya Tanga na Unguja vinajua nani hutengeneza kodiani zao. Ukivuka kwenda Unguja, ulizia pia kwenye Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi. Kuna walimu wanaoishika kodiani kila siku. Mwombe fundi akuoneshe ndimi kabla hajaanza, na mpatane bei ya mivukuto na ya vizibo mbali mbali.

Muulize na hili, maana ni muhimu kwako kuliko kwa mwingine. Wapigaji wa Misri walikuwa wakikwangua baadhi ya ndimi ili zitoe robo toni za Kiarabu. Ikiwa kodiani ya mjomba ilipita mikononi mwa mtu aliyefanya hivyo, kuna vibao vitakavyosikika vimepotoka ukipiga bluzi, nawe utadhani kosa ni lako. Kama fundi akikuta hivyo, usimruhusu azirudishe kabla hujazirekodi kwa simu, kibao kimoja kimoja.

Na uzito. Kodiani kubwa yenye vitufe 120 vya besi upande wa kushoto hufika kilo kumi na zaidi. Vaa mikanda yote miwili, kaa kwenye kiti kisicho na mikono, na usizidishe nusu saa mwanzoni. Bega likiuma siku moja ni uchovu. Vidole vikifa ganzi, au mgongo ukiuma hata ulalapo, nenda hospitali ukaonwe, usingoje uzoee.

Ikishapona, nitumie rekodi ya dakika mbili ukipiga polepole, mi na ti zikiwa zimeshushwa. Nitakusikiliza mivukuto kwanza.